Nilivyojitangaza Mzima Mbele ya Madaktari

Vumbi la mawe ya dhahabu halina harufu, na ndiyo maana halimwogopeshi mtu. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika chumba cha kusagia sampuli, kwenye mgodi mmoja upande wa Masumbwe. Mawe yanaletwa kwenye mifuko, unayapitisha kwenye mashine, yanatoka unga laini kuliko sembe. Unga mwingine unakwenda maabara, mwingine unabaki kifuani mwako. Mwajiri alitugawia maziwa ya pakiti kila zamu, ati yanasafisha kifua. Sijui nani aligundua kwamba maziwa hupitia kwenye mapafu, lakini bila shaka alikuwa mtu mwenye shahada. Tuliyanywa na kushukuru.

Kifua kilipoanza kubana nilitibiwa kifua kikuu ambacho sikuwa nacho, kisha pumu, kisha majirani zangu wa Kagongwa wakaichukua kazi hiyo na kunitafutia mchawi. Mwishowe daktari mmoja wa Mwanza akaiweka picha ya mapafu yangu kwenye mwanga, akasema ni vumbi, limeshajenga, halitoki. Mgodi ukaniachisha kazi kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona wakati wa kulipa mishahara. Nikabaki na tumaini moja: fidia ya ulemavu uliotokana na kazi. Nikiikosa, kilichonisubiri ni kibarua kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, kusaga mawe yaleyale na kuvuta unga uleule, mpaka nizimike.

Nikaomba. Afisa utumishi wa mgodi, kijana wa viatu vilivyochongoka, aliniuliza kama nyumbani napikia kuni. Nikamwambia napikia kuni kama mama yake. Akaandika kuni, si vumbi.

Nilipoitwa Shinyanga mbele ya jopo la madaktari, nilifanya ujinga ambao kila mtu wa kwetu angeufanya. Nilikwenda kusukwa. Nikajipaka mafuta, nikavaa kitenge kipya, nikajifunga na kilemba, kwa sababu mtu haendi serikalini amechakaa. Niliingia pale nimependeza kama mama wa bwana harusi.

Mkuu wa jopo alikuwa daktari wa makamo, Msukuma mwenzangu, mmoja wa wale waliosoma mbali na sasa hawataki usahau kwamba hawajasahau kwao. Akakiweka Kiswahili pembeni, akanisalimia kwa Kisukuma na kuniita mama.

“Mwangaluka, mayu. Mhola?”

“Mhola duhu,” nikajibu. Salama tu.

Ningejibu nini? Kwetu hata mwenye maiti ndani huanza kwa kusema ni salama. Mnaulizana watoto, ng'ombe, mvua, vyote salama, mnaketi, ndipo anakwambia kuna msiba. Daktari aliyajua hayo vizuri kuliko mimi, maana alinipitisha kwenye salamu zote bila kuruka hata moja. Tatizo ni kwamba ile sehemu ya kuketi na kuambiana ukweli haikufika. Nilipulizishwa kwenye kimashine, nikaambiwa asante mama.

Ombi likakataliwa. Walieleza kwamba mwombaji mwenyewe, alipoulizwa, alisema hali yake ni nzuri. Nilimdharau yule daktari kwa moyo wote, mtu aliyezigeuza adabu za bibi yake kuwa kipimo cha mapafu. Nikajidharau na mimi, na kilemba changu.

Nikakata rufaa. Siku ya kurudi niliwakuta watu wachache kwenye benchi la nje, na kati yao mzee mmoja wa Isaka niliyemfahamu mgodini, aliyekuwa anatoboa miamba kwa drili kule chini. Midomo yake ilikuwa imeiva weusi kwa kukosa hewa. Alikuwa amevaa koti la suti, amenyoa ndevu, na viatu vinang'aa. Nilimwamkia, kisha nikamweleza yaliyonipata. Nikamwambia akiulizwa hali asiseme salama, aseme anaumwa, hayo mengine yasubiri. Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo.

“Sasa mwanangu,” akasema, “mtoto wa watu anisalimie, mimi nianze kumlilia?”

Mimi nilitangulia. Daktari alikuwa yuleyule, na salamu zilezile.

“Hakuna mhola,” nikamwambia kwa Kiswahili. “Naumwa. Ngazi tatu za mlango wako nimezipanda kwa kupumzika. Liandike hilo kwanza, tutasalimiana nje.”

Aliumia, nilimwona. Wenzake wawili waliinamisha vichwa kwa aibu, wakiniona mwanamke asiyefunzwa. Lakini aliandika, na safari hii walinichunguza kwa kweli, hata wakanitembeza ukumbini mpaka nikashika ukuta. Nilikubaliwa. Kumbe kwa watu wale ugonjwa haukuwa mapafuni, ulikuwa kwenye kukosa adabu.

Mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilimsikia mzee. Nyumbani salama. Watoto salama. Ng'ombe salama, mvua si haba. Alikuwa anakohoa katikati ya maneno, na kila akikohoa anaomba radhi, anasema ni mafua tu. Nilitamani kuingia nikamzabe kibao, mzee wa watu, niliyemwamkia shikamoo muda mfupi uliopita.

Walimnyima. Hakukata rufaa, alisema hataki kusumbua watu. Mvua za kwanza zilipoanza tulimzika nyuma ya nyumba yake.

Afisa utumishi alikuja na rambirambi za mgodi, na viatu vyake vikiwa na matope. Akapewa nafasi ya kusema. Akasema mzee alikuwa mfano wa kuigwa, mtu mpole, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kulalamika hata siku moja. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mjane naye akaitikia, na akamshukuru.

Nilisimama ili nimjibu. Nilikuwa na maneno yote tayari, lakini pumzi haikunitosha hata kwa neno la kwanza, na wanawake wakanishika mikono wakanikalisha, wakidhani ninalia.