Saini Mbili za Thadei Komba

Runinga ikiwaonyesha Daksha Pandya na Tom Wetherby pamoja, Thadei Komba huinuka kwenda jikoni kuchemsha maji. Hana kiu wala nini. Watangazaji wa London wanapenda mno kukumbusha kwamba wabunge hawa wawili, ambao leo wamo kwenye kamati moja na hutaniana mbele ya kamera, waliwahi kuchuana katika jimbo moja miaka kumi iliyopita, na kwamba uchaguzi ule ulikuwa mchafu. Likifika neno hilo "mchafu," birika limeshawashwa. Jioni moja binti yake, Jacqueline, alimwona akienda na kurudi mara nne.

"Dad, we've got enough tea," alimwambia.

Thadei akajibu kwa Kiswahili kwamba hajaona nyumba iliyolalamikiwa kwa wingi wa chai.

Thadei ni mtu wa Songea, ana miaka sitini na miwili, na kwa muda mrefu amekuwa stewadi kwenye uwanja wa Wembley. Siku za mechi huvaa koti la njano linalong'aa, hupekua mikoba getini na kuwaonyesha watu ngazi za kupanda. Paspoti yake ni ya Tanzania mpaka leo, lakini raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali hupiga kura ya ubunge kama mwenyeji, na Thadei hajakosa uchaguzi hata mmoja. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: neno hapana lilikuwa halimtoki. Kule parokiani kwao, kabla hajapanda ndege, alikuwa ameshakuwa baba wa ubatizo wa watoto kumi na mmoja. Alipofika London, Watanzania wenzake nao wakamgundua, wakaendelea pale walipoishia wa Songea.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mwaka ule wa uchaguzi mchafu, Tom Wetherby alibisha hodi mlangoni kwake. Wakati huo alikuwa mwalimu wa sekondari asiyejulikana na mtu, na mvua ilikuwa imemlowesha mpaka soksi. Waingereza huzungumza siasa mlangoni, mwenye nyumba ndani na mgombea nje. Thadei hakulelewa hivyo. Alimvuta ndani, akamkalisha, akampa chai ya maziwa yenye tangawizi. Tom alikunywa, akakohoa, machozi yakamtoka, akaomba kikombe cha pili. Ndipo alipotoa karatasi. Sheria, alieleza, inataka kila mgombea aandikiwe majina na saini za wapiga kura kumi wa jimbo hilo.

"Ah, wadhamini!" Thadei alijisemea kwa furaha, akasaini.

Jumatano, Daksha naye akamwita dukani kwake. Daksha alizaliwa Tanga, Kiswahili chake ni cha kule kule, na alikuwa na duka la dawa hatua chache kutoka kituo cha basi. Chama chake kilimteua dakika za mwisho, baada ya mgombea wake wa kwanza kujitoa, na fomu ilitakiwa kurudishwa kesho yake kabla ya saa kumi alasiri.

"Kaka Thadei, mwenzio nimesukumwa ulingoni," alimwambia akicheka. "Nina watu tisa. Nimekuachia wewe nafasi ya kumi."

Sasa mwambie mtu kama Thadei akatae. Mkewe, marehemu Anastasia, alipougua kwa majira mawili ya baridi, ni huyu huyu Daksha aliyekuwa akipanda ngazi za ghorofa nne na mfuko wa dawa, lifti ikiwa mbovu, na hakuna aliyemtuma. Thadei akasaini pale pale juu ya kaunta, kwa kalamu ya Daksha. Wala hakuona ubaya. Kwake yeye kumdhamini mtu ni kama kumsimamia kwenye ubatizo. Hakuna padri aliyewahi kumwambia kwamba kwa kuwa ameshamsimamia mtoto wa Mapunda, basi wa Ngonyani atafutiwe mwingine.

Jioni alimsimulia Jacqueline, akijisifu kidogo kwamba jina lake limetafutwa na vyama viwili. Msichana akaacha kula.

"Dad, you can't sign for both. They only count the first one."

"Nani kasema saini ya kwanza tu ndiyo inayohesabiwa?"

"The law! It's on the form, Dad. If Tom's goes in first, Auntie Daksha's only got nine. Call her. Call her now."

"Nitamwambia kesho asubuhi," Thadei alisema. "Mambo kama haya si ya simu."

Asubuhi alikwenda kweli. Alifika mbele ya duka, akamwona Daksha akihudumia wateja wawili, akapita. Alirudi, duka halina mtu, akapita tena. Atamwambiaje? Kwamba mikono iliyopokea dawa ilikwenda kumsainia mpinzani wake? Mara ya tatu Daksha akamwona kupitia kioo, akampungia mkono kwa bashasha. Thadei akampungia, kisha akakimbilia basi. Hebu mtazame: mtu mzima, ndevu zina mvi, anakimbilia basi ambalo wala haliendi kwake. Aliona aibu humo ndani ya basi, lakini ilikuwa bado aibu ndogo, ya kuweza kuimeza.

Saa tisa na dakika ishirini simu yake ililia.

"Kaka, niko hapa council," Daksha alisema, pumzi zikimpanda. "Wanasema signature yako haihesabiki, ati umeshamsainia Tom. Fomu yake imeingia jana. Ulimsainia?"

Hapo palikuwa na njia iliyonyooka. Aseme ndiyo, dada, nisamehe, tafuta mwingine upesi. Dakika arobaini zinatosha. Badala yake Thadei alisikia mdomo wake ukisema, "Mimi? Hapana. Tom yupi?"

Angalieni maajabu. Maisha yake yote alishindwa kusema hapana, na siku ilipomtoka, ikatoka ya uongo.

Daksha alimwamini. Kwa nini asimwamini? Akaacha kutafuta mtu wa kumi, akasimama kubishana na msimamizi wa uchaguzi kwamba saini ile ni ya kughushi. Dakika ishirini na tano zikaishia hapo. Aliyemwokoa ni mzee Kailash, fundi cherehani mstaafu, ambaye alikuwa amekuja ofisini kuuliza habari za kibali cha kuegesha gari. Mzee alisaini zikiwa zimebaki dakika nne. Siku ya pili yake Daksha alimsimulia Thadei kisa chote, akiigiza jinsi mzee alivyokuwa akitafuta miwani yake huku saa inakwenda. Alicheka mpaka akashika mbavu. Thadei naye alicheka.

Laiti ingeishia hapo. Wiki mbili baadaye wagombea waliitwa kwenye ukumbi wa kanisa kuulizwa maswali na wananchi. Daksha alikuwa amemwomba Thadei akae mbele ili apate moyo akimwona, naye akakaa mbele, mstari wa pili, ndani ya koti lake la Jumapili. Mdahalo ulikuwa mkali, Tom alikuwa akizungumza vizuri, na watu walikuwa wanaanza kumpigia makofi. Hapo Daksha akasimama.

"Mheshimiwa anatuhubiria uaminifu," alisema. "Kwenye karatasi yake ya wadhamini kuna jina la mtu ambaye hakumsainia. Mtu mwenyewe ameniambia kwa kinywa chake."

Ukumbi ukanguruma. Tom akageuka, akaanza kuzipitia nyuso, akafika mstari wa pili. Macho yake yakakutana na ya Thadei. Kusimama tu kungetosha. Hakuhitaji hata kusema, angeinua mkono. Thadei akatazama viatu vyake, na mpaka leo anaweza kukueleza vilivyokuwa: vyeusi, cha kushoto kamba imelegea.

Tom akaugeukia tena ukumbi. Halafu akasema taratibu, "Kama jina la mtu limo kwenye karatasi yangu kimakosa, basi kosa ni langu. Naomba radhi."

Akazomewa. Gazeti la mtaa likamwita mgombea wa saini ya bandia. Polisi hawakuitwa, maana Daksha alisema hana haja ya kumfunga mtu, na watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Alishinda. Tom alishindwa vibaya, akahama na familia yake, na ilimchukua miaka minne kupata jimbo jingine, mbali huko, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na habari za Thadei Komba.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Thadei ilikuwa ya miaka kumi, na kila siku aliitembea. Aliacha kusoma masomo kwenye misa ya Waswahili. Godlisten, kijana wa misa hiyo hiyo, na mkewe walipomwomba awe baba wa ubatizo wa mtoto wao wa kwanza, alikataa, wakasema mzee siku hizi anaringa. Hakuringa. Aliona kwamba jina lake halifai kupewa mtoto. Jacqueline alijua yote, na alilisema mara moja tu, kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara: "Baba, mwambie." Na Thadei akasema kesho asubuhi.

Jumamosi iliyopita palikuwa na mechi ya hisani pale uwanjani. Wabunge kadhaa walialikwa, na wawili kati yao walikuja kwa treni kama watu wengine, wakapanga foleni kama watu wengine, wakafika mbele ya geti la Thadei.

"Kaka Thadei!" Daksha alimshika mikono yote miwili. "Habari za siku nyingi? Jacqueline hajambo?" Kisha akamgeukia mwenzake na kumwambia kwa Kiingereza, huku akicheka, "Tom, unamkumbuka bwana huyu? Ndiye uliyemwibia saini!"

Ulikuwa utani wao wa zamani. Ilionekana ameshautumia mara nyingi, kwenye karamu na kwenye runinga. Tom alitabasamu, akatazama chini, akafungua mkoba wake ili upekuliwe. Miaka kumi, na bado hakusema kitu.

Ndani ya mkoba mlikuwa na mwavuli, gazeti na mkate uliofungwa kwenye karatasi. Thadei alivitazama. Ukimya wa yule mtu ulimwaibisha kuliko zomeazomea yote ya ukumbini.

"Dada Daksha," alisema kwa Kiingereza, ili Tom naye aelewe, "hakuniibia. Nilisaini mwenyewe, kwa hiari yangu. Nilisaini fomu zote mbili. Siku ile kwenye simu nilikudanganya."

Daksha aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu anayengoja mwisho wa utani. Kisha tabasamu likamtoka. Akamgeukia Tom.

"Ulijua?"

"Alisaini mbele yangu, na nilikuwa nimekunywa chai yake," Tom akasema. "Vikombe viwili."

"Nilikuita mwongo mbele ya ukumbi mzima. Nimekuita mwizi mpaka leo. Sasa hivi nimekuita." Daksha alijifunika mdomo kwa mkono. "Na ulikuwa unacheka na mimi."

Thadei alikuwa amefikiri kwamba siku atakayosema, mzigo ungeanguka chini. Haukuanguka. Aliuona ukihamia kwa mwanamke yule aliyewahi kupanda ghorofa nne na dawa za mkewe, ukamkalia usoni, na kwake yeye Thadei haukupungua hata kidogo.

"Mbona hukuniambia siku ile, kaka?" Daksha aliuliza kwa sauti ndogo. "Ningekukasirikia mpaka jioni tu."

Nyuma, foleni ilikuwa inaanza kulalamika. Thadei alimfungia Tom mkoba wake, akamwonyesha ngazi, na Tom akapita. Daksha hakumfuata. Alibaki kando ya geti, tiketi mkononi, akimtazama Tom akipanda peke yake, na watu walimpita huku na huku wakimsalimia kwa jina.