Ushuhuda Nilioutoa Kabla ya Kupona

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nikikohoa mbele ya watu, nani ataonekana mwongo, Mungu au mimi? Nililigeuza wiki tatu. Sikujiuliza kama nitakufa. Nilijiuliza watu watasema nini.

Leo niko hai na kifua changu ni safi. Nawaandikia ninyi mnaoficha jambo, muogope mapema kuliko nilivyoogopa mimi.

Naitwa Atieno. Nilimaliza chuo kikuu pale Maseno, nikarudi Kombewa kukaa na mama, ambaye hununua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Usenge na kuziuza sokoni kwetu. Niliomba kazi kila mahali, nisijibiwe. Kanisani waliniuliza, "Msomi, bado?" Nikawa naingia ibada ikiwa imeanza na kutoka kabla ya baraka, ili nisiulizwe.

Kisha nikaanza kukohoa. Jioni mwili ulipata joto, alfajiri shuka lilikuwa limelowa kama limetoka kufuliwa. Sketi niliyovaa siku ya mahafali ilianza kuteleza kiunoni, nikaishika kwa pini. Hospitalini nilitema makohozi kwenye kikopo, na majibu yakawa kifua kikuu.

Sista wa kliniki, mwanamke mnene mpenda utani, aliniambia, "Miezi sita ya vidonge, msomi. Usiruke hata siku moja. Na usishtuke, mkojo utakuwa kama soda ya machungwa."

Ikawa hivyo kweli. Viungo viliniuma, chakula kikawa na ladha ya chuma, lakini baada ya miezi miwili kikohozi kiliisha na nguo zikanikaa. Nilipimwa tena, makohozi yakawa hayana kitu.

"Bado miezi minne," Sista akasema. "Usianze kujidanganya."

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, nilisimama nikamshukuru Mungu na wahudumu wa kliniki. Kanisa zima lilipiga makofi. Hakuna aliyeniuliza habari za kazi siku hiyo. Kijana mmoja alirekodi kwa simu akanitumia, dakika nne.

Nikaalikwa kwa wanafunzi Maseno. Huko nilimshukuru Mungu, nikawaacha wa kliniki. Nikaalikwa Kisumu mjini, kwenye kanisa kubwa, na pale, katikati ya vigelegele, nikasikia kinywa changu kikisema, "Aliniponya bila dawa!" Mama mmoja mbele alianguka magoti akilia, "Nyasaye duong'!" Mungu ni mkuu. Sikurudisha maneno. Huko pia nilirekodiwa, nikaiweka video mtandaoni.

Nyumbani nilifikiri kama ninavyofikiri kila kitu, mpaka nikafika pabaya. Kama nimesema nimepona bila dawa, basi kila kidonge ninachomeza kinanishtaki. Ningeweza kusahihisha maneno. Nikaona ni rahisi zaidi kusahihisha mwili, nikaacha kumeza. Niliendelea kuchukua dawa kliniki ili nisitafutwe, nikazificha kwenye bahasha ya cheti changu cha chuo. Sista akiniuliza, "Soda bado ipo?" nilicheka na kusema ipo. Mama nilimwambia nimeacha. Alikuwa amesikia ushuhuda wa Kisumu kwenye video, kama kanisa letu zima, akaamini.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua Biblia, nilifungua ile video. Nilisoma waliyoandika watu chini yake, kisha nikawa sina hamu ya kuomba. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba sanamu ni kitu cha kuchongwa. Sikujua kwamba naweza kujitengenezea moja kwa jina la Yesu, yenye sura yangu mwenyewe.

Kikohozi kilirudi kidogokidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha jasho. Kisha maumivu chini ya bega la kulia, kama msumari, kila nikivuta pumzi. Siku moja nilitema kwenye kitambaa nikaona uzi mwekundu wa damu. Nilikifua mwenyewe, mara mbili. Nilisoma kwenye simu kuhusu kifua kikuu sugu kwa dawa mpaka vidole vikafa ganzi. Nilinunua dawa ya maji ya kikohozi, nikawa nakunywa kabla ya ibada.

Halafu mama akaanza kukohoa.

"Ni vumbi la omena tu, nyathina," alisema, yaani mwanangu, huku akizigeuza juani. Alikohoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kanga yake alianza kuifunga mara mbili kiunoni. Nilijua dalili hiyo. Niliijua kwa pini yangu.

"Mama, twende hospitali."

"Ya nini? Wewe uliacha dawa ukapona. Mungu wako ni mwingine na wangu ni mwingine?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukuta. Mdomo wangu mwenyewe ndio uliokuwa umemfungia mama mlango wa hospitali.

Jumapili ile nilipangwa kushuhudia tena kanisani kwetu. Nilikwenda na ile bahasha. Mama alikaa safu ya pili. Nilishika maikrofoni. Nilifunga mdomo kwa kitambaa, nikatoa pakiti za dawa, nikaziinua juu.

"Hizi nilipaswa kuwa nimezimeza," nilisema. "Sikupona bila dawa. Niliacha ili msinione mwongo, na sasa natema damu. Aliyekaa karibu nami na anakohoa, aende apimwe. Nisameheni."

Mama mzee mmoja alipaza sauti: "Ai, Atieno! Tulikupigia makofi ya bure?"

"Ndiyo, mama."

Mchungaji alikuja karibu, uso umemshuka. "Nani alikuambia uache dawa?"

"Hakuna, mchungaji. Ni mimi."

Nje mama alinisubiri. Hakupaza sauti. "Kwa hivyo na mimi ungeniacha nife, ili wapige makofi?"

Nilitamani kusema hapana. "Nilikuwa naelekea huko, mama."

Alitangulia nyumbani peke yake. Lakini Jumatatu asubuhi nilipotoka na kadi yangu ya kliniki, nilimkuta mlangoni amevaa viatu.

Nilifuta video nikiwa kwenye benchi la kliniki, kila mtu wa soko akipita na kutuona. Sista hakunitania siku ile. Alitupima wote wawili. Tulingoja majibu, pamoja na yale ya usugu kwa dawa. Hatimaye aliniita. "Dawa bado zinakufanyia kazi. Mama yako pia anao ugonjwa huu. Mtaanza pamoja, na wewe utaanza upya, siku ya kwanza."

Aliweka vidonge kwenye viganja vyetu. Mama alivishika bila kuvimeza, akinitazama. Nilielewa. Neno langu halikumtosha tena. Alitaka kuona koo langu likishuka. Nikaomba kwa sauti, kwa mara ya kwanza bila kumtafuta msikilizaji, nikameza. Nikafungua mdomo aone. Ndipo naye akameza.

Kesho yake asubuhi nilisikia sauti yake kutoka chooni, majirani wote wakisikia: "Atieno! Soda imefika!"

"Hata yangu, mama!" nikajibu, kwa sauti kubwa kama yake.