Marahaba Kabla ya Shikamoo

"Dada, hivi ukimpita mzee bila kumpa shikamoo, kinatokea nini?"

Aliyeuliza ni Theodora, mwanafunzi wa darasa la pili, meno mawili ya mbele hayapo. Aliyeulizwa ni dada yake, Agripina, ambaye wakati huo alikuwa ameinamia ndoo uani, anajimwagia maji kichwani kwa kopo, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Ametoka kukimbia. Alimrushia mdogo wake maji ya usoni, Theodora akapiga ukelele wa furaha, na swali likaangukia hapo kwenye tope, kuku wakalichakura pamoja na mengine.

Lakini lisidhaniwe ni swali la mtoto tu. Wiki ile Misigiri nzima, kuanzia kwenye lami mpaka huku kwenye mashamba ya alizeti, watu wazima na akili zao walikuwa wanaulizana hilohilo. Na aliyesababisha yote ni huyohuyo Agripina na miguu yake.

Agripina alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mwembamba, umbo la bua la mtama. Alianza kukimbia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, labda kwa sababu viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Ukimtuma mashineni kusaga, unga unafika nyumbani bado una joto. Na mwaka ule alikuwa na haja moja tu duniani: kukimbia mbio ndefu kwenye mashindano ya shule za wilaya, kule Kiomboi, amevaa fulana ya njano ya shule. Fulana za wasichana zilikwisha kugawiwa, ikabaki moja tu, ya mbio ndefu. Mwalimu Leonard wa michezo alisema atamtaja mwenye nayo siku ya Ijumaa.

Shida ni kwamba katika mazoezi Agripina alikuwa anafika nyuma ya wenzake. Siku zote. Njia ilikuwa ni kutoka geti la shule, kukatiza kijijini, kugusa lami, na kurudi. Wasichana wa bweni walikuwa wanarudi kwa mkupuo, mbele yao Anastasia, mtoto wa Utemini, Singida mjini, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Halafu kimya. Halafu ng'ombe wa watu wanapita. Halafu ndipo anaonekana Agripina, anakuja kwa kasi ya ajabu, utadhani ndiyo kwanza ameanza.

"Shosti, ulipitia kuteka maji?" Anastasia alikuwa anamuuliza, na wenzake wanaangua kicheko.

"Agripina," Mwalimu Leonard naye alikuwa anasema huku anatikisa kichwa, "mwili wa swala, mwendo wa kobe. Unanipa taabu, mwanangu."

Jambo hili lingeishia hapo, fulana akaichukua mwingine, kama si Madam Janeth wa biolojia. Huyo alikuwa anaunda timu ya klabu ya sayansi, na safari hii alitaka mradi wa michezo: kuchunguza moyo wa mtu akishakimbia unachukua muda gani kutulia. Akachagua watatu. Agripina, kwa kuwa ni mkimbiaji. Witness, kwa kuwa ana subira ya kuhesabu. Na Paschal, kwa kuwa alikuwa amenyoosha mikono yote miwili.

Kazi ikaanza. Witness alifundishwa kuweka vidole kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na kuhesabu mapigo kwa saa ya Madam. Basi akawa hashikiki. Alipima darasa zima. Alimpima mpishi wa shule akiwa anasonga ugali, akatangaza kwa sauti, "Mpishi yuko hai!" Alimkamata hata jogoo wa mlinzi, jogoo akamwonyesha kwa mdomo kwamba na yeye yuko hai.

Lakini walipowapima wakimbiaji getini wakajikuta na fumbo. Anastasia aliyefika wa kwanza, moyo wake ulikuwa unagonga kama ngoma ya harusi. Agripina aliyefika wa mwisho, moyo wake ulitulia haraka kuliko wote. Wakarudia kesho yake. Vilevile. Keshokutwa, na upepo wa Singida unavuma wa kung'oa kofia, vilevile.

"Mimi sioni fumbo," alisema Mwalimu Leonard. "Moyo umetulia kwa sababu mwenye moyo anatembea. Agripina, sema kweli. Unasimama njiani?"

"Sisimami, mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Haki ya Mungu, mwalimu, sijawahi kusimama."

Alisema huku machozi yanamlenga, na si machozi ya mwongo. Kuitwa mzito wa miguu aliweza kuvumilia. Kuitwa mdanganyifu kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Fulana ya njano aliiona inaondoka, inapungia mkono.

Paschal akaamua. Aliazima baiskeli ya mlinzi, akaazima na simu ya Madam ya kupimia muda, na jioni ile akamfuata Agripina kwa nyuma.

Waliporudi, Agripina yuko mbele anahema vizuri, Paschal yuko nyuma hoi, mnyororo umemchafua suruali hadi gotini.

"Madam!" alipiga kelele kabla hajashuka. "Anasimama! Anasimama kila mahali!"

"Muongo!" Agripina aliwaka. "Nilisimama wapi?"

"Kwa Mzee Melkiori fundi baiskeli, hukusimama?"

"Pale sikusimama. Pale nilisalimia."

"Kwa Bibi Elizabeti?"

"Nilisalimia."

"Na yule mzee wa ng'ombe, Mzee Alute? Kakuuliza habari za baba, za mama, za ndama mgonjwa, ukajibu zote, kakupa na salamu za kupeleka!"

"Sasa Paschal, mzee akikuuliza habari za nyumbani unamjibu mgongo?"

Madam Janeth alikaa kwenye jiwe. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Maana hapo ndipo fumbo lilipofunguka. Wasichana wa bweni walikuwa wageni. Walipita kijijini kwa kupunga mkono tu, na wazee wakawasamehe kwa ugeni wao. Agripina alikuwa mtoto wa pale. Kila mzee alikuwa babu yake, kila bibi alikuwa bibi yake, na mbele ya kila mmoja alipunguza mwendo, akakunja goti, akatoa shikamoo, akangoja marahaba, akajibu habari, kisha akachomoka mbio kufidia. Kwake yeye huko hakukuwa kusimama. Kusimama ni kupumzika au kuzubaa. Kusalimia ni kusalimia.

"Mnaona?" alisema Madam. "Anakimbia kwa nguvu, anatulia kidogo, anakimbia tena kwa nguvu. Kila siku. Moyo wake umejifunza kutulia upesi. Wapo wakimbiaji wanaofundishwa hivyohivyo kwa filimbi. Huyu kafundishwa na wazee wa Misigiri."

"Sasa tumjue anakimbiaje bila shikamoo," alisema Witness.

Mwalimu Leonard, ambaye alikuwa anasikiliza huku anajikuna shingo, akasema, "Alhamisi. Mara moja tu. Akimfikia Anastasia, fulana ni yake."

Ndipo timu ilipofanya kosa. Walimtuma Paschal akazungumze na wazee. Paschal, ambaye maneno humtoka kama maharage kwenye gunia lililotoboka, alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Elizabeti, aliyekuwa uani anapiga alizeti kwa fimbo, mbegu zinaruka, Mzee Melkiori na Mzee Alute wameketi kando. Akatoa shikamoo vizuri, kisha akasema hivi: "Tunaomba Alhamisi jioni, kwa ajili ya sayansi, wazee wote mkae ndani."

Fimbo ya bibi ikasimama hewani.

"Tukae ndani?"

"Ndiyo bibi. Mpaka Agripina apite."

"Tujifiche kama vifaranga wameona mwewe? Mimi? Nijifiche nisionwe na mtoto niliyemkata kitovu?"

"Kwani ana ugonjwa?" aliuliza Mzee Alute.

Mpaka Agripina na Witness wanafika kuzima moto, habari ilishazunguka kijiji: kwamba shule inafundisha watoto kupita wazee kama pikipiki. Baba yake Agripina alikuwa ameshaulizwa mara tatu kwenye mashine ya kusaga. Na nyumbani Theodora alikuwa ameshasikia, ndipo likaja lile swali la kwenye ndoo. Agripina hakuwahi kujaribu. Kumpita Bibi Elizabeti hivihivi, ametazama mbele, aliona hawezi.

Kesho yake jioni akaenda kwa bibi peke yake. Akapiga goti, shikamoo, marahaba. Akaokota fimbo ya pili, akaanza kupiga alizeti upande wa pili wa rundo.

"Bibi," alisema, "sitakimbia. Nimewaambia wenzangu fulana wampe Anastasia."

"Unaitaka hiyo fulana?"

Agripina alipiga alizeti. Alipiga kwa nguvu mno.

"Naona unaitaka," alisema bibi. "Hizo mbegu zitafika Nzega. Sasa kinachokuchelewesha ni nini hasa, shikamoo yako au marahaba yangu?"

"Vyote, bibi. Nikishasema, lazima nisubiri uitikie."

"Huwezi kunisalimia asubuhi ukamaliza?"

"Asubuhi unakuwa shambani."

"Kweli." Bibi akapepeta ungo mmoja, akaufikiria upepo. Kisha akacheka peke yake, cheko la msichana. "Basi nitaitikia kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hujanisalimia. Ukitokea pale kwenye mkonge ulio mbele ya nyumba yangu nakupa marahaba yako mapema, unapita nayo. Shikamoo utaniletea baadaye. Lakini uilete! Usinilie marahaba yangu."

Alhamisi hiyo hakuna mzee aliyekaa ndani. Kinyume chake, walitoka hadi wale ambao hawatokagi. Walijipanga kando ya njia na vigoda vyao, wengine na vikombe vya uji, kana kwamba anapita harusi. Mwalimu Leonard akapuliza filimbi. Anastasia akachomoka, Agripina nyuma yake, Paschal na baiskeli nyuma yao wote, na Witness akabaki getini na vidole vyake tayari.

Kwenye duka la kwanza Agripina alimwona Mzee Melkiori, na miguu ikaanza yenyewe kupunguza mwendo. Mazoea yana nguvu kuliko ng'ombe wa plau. Goti lilishaanza kukunjika.

"Marahaba!" mzee alinguruma, spana hewani. "Pita!"

Goti likanyooka.

"Marahaba, mama! Pita, pita!" Huyo ni Mzee Alute, na ng'ombe wake amewazuia pembeni. "Baba yako hajambo, nimeshamwona! Ndama kapona! Usijibu, kimbia!"

Wakagusa lami, wakageuza. Sasa kijiji kizima kilikuwa kinaitikia salamu ambayo haijatolewa. Marahaba huku, marahaba kule, nyingine zinatoka juu ya paa kwa wanaoezeka, nyingine kwa vijana wasio na umri wa kuitikia, wakafukuzwa na mama zao. Agripina alikuwa anacheka huku anakimbia, jambo ambalo Madam aliwakataza kwa sababu linapoteza pumzi. Penye mkonge alikuwa ubavuni kwa Anastasia.

"Marahaba, mjukuu wangu!" Bibi Elizabeti alisimama juu ya kigoda, kanga imeshikwa na upepo kama bendera. "Na wewe wa mjini marahaba! Piteni!"

Anastasia alishtuka kusikia na yeye kapewa. Akacheka, pumzi ikamponyoka, na Agripina akapita.

Alifika getini wa kwanza. Mwalimu Leonard aliitazama saa, akaiweka sikioni kuhakikisha kwamba inatembea, akaitazama tena. Alifungua mdomo aseme neno, lakini Agripina hakuwepo. Alikuwa amegusa nguzo ya geti na kugeuza, anarudi kijijini mbio.

"Wewe! Unakwenda wapi tena?"

"Kulipa, mwalimu! Nina shikamoo za watu!"

"Mapigo!" Witness alilia, anamkimbilia na vidole vimenyooshwa. "Sijahesabu mapigo!"

Alizilipa zote, moja moja, goti kwa goti, mpaka giza likaingia, na ile ya mkopo ya Anastasia, alimchukua mwenyewe akailipe. Kiomboi alikwenda na fulana ya njano, akashika nafasi ya tatu, akafurahi kama wa kwanza. Mradi ulisomwa siku ya sayansi ya shule, wakauita "mapumziko ya shikamoo", na Madam Janeth akasisitiza wasijitangaze sana, kwa sababu wamepima watoto wachache, na jogoo mmoja.

Miaka imepita. Agripina alikwenda chuo cha ualimu, na wengi walidhani ndiyo ameondoka. Lakini alipomaliza alirudi, sasa anafundisha shule ya msingi hapohapo Misigiri, na jioni anakimbiza watoto wa michezo kwenye njia ileile. Theodora yuko kidato cha pili, meno yote yameota, naye hukimbia na dada yake.

Juzi walikuwa wanapita penye mkonge. Macho ya Bibi Elizabeti siku hizi hayaoni mbali, ila masikio yako vilevile. Alisikia vishindo tu, akanyoosha shingo.

"Marahaba! Piteni!"

Watoto wakapita wanacheka. Agripina alikwenda nao hatua chache, akageuza, akarudi, akapiga goti. "Shikamoo, bibi." Theodora naye akarudi, akapiga goti. Walipoinuka kuwafuata watoto, Theodora akakumbuka ndoo, kopo, na maji ya usoni, akauliza tena swali lake la kumpita mzee bila shikamoo, neno kwa neno.

Safari hii Agripina alikuwa na pumzi.

"Anakuitikia hivyohivyo," alisema. "Ila lazima urudi."