Mfuko wa Mbegu Juu ya Moto

Jana sokoni Kakuma mama mmoja alifungua gunia la mtama uliokaa kwa moshi. Ile harufu ilinirudisha utotoni, kwa Nyanya.

Nyanya alitundika mbegu yetu juu ya moto, kwa mfuko wa ngozi. Hata njaa iwe namna gani, mfuko haukuguswa. Halafu mwaka mmoja wa njaa chifu akatuletea bwana shamba na mbegu mpya.

"Mama, hii mpya inazaa mara mbili. Hiyo ya zamani pikeni, mle," bwana shamba akamwambia Nyanya.

"Na mvua yake, kijana wangu, umekuja nayo kwa gari?" Nyanya akamuuliza.

Chifu akacheka. Mama akapika, maana sisi watoto tulikuwa tunalia. Tulishiba. Nyanya hakula, alikaa akiangalia mawingu.

Mbegu mpya ilimea ndefu, kijani, ya kupendeza. Mvua ilipokatika, ile yetu ingekuwa imeshakomaa. Hii haikuwa na suke hata moja. Kila asubuhi Nyanya alipasua bua, aone kama suke linakuja.

Bwana shamba hakurudi. Chifu alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema ni wao wawili.

Jana sikununua. Nilimuuliza tu yule mama kama amebakisha mbegu ya kupanda.