Kuni Alizobeba Brigitha

Mumbi alikuwa ameafikiana na mumewe, Zachariah, jambo moja: angekwenda naye mara moja kwenye uwanja wa kulengea shabaha, kisha aamue kama ile bastola ya kizamani ya mumewe itaingia nyumbani kwao ughaibuni, Brooklyn Park, au haitaingia. Hadi siku hiyo ilihifadhiwa na Mark, aliyefanya kazi na Zachariah kiwandani Plymouth na ndiye aliyemwingiza katika mchezo huo wa silaha za kale. Mumbi alikuwa muuguzi. Majeraha ya risasi aliyaosha kazini, na hakutaka kifaa cha kuwatia watu majeraha hayo kining'inie ukutani juu ya meza ya chakula ya binti yao Noela.

Walifuatana na Brigitha, dada mkubwa wa Zachariah, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku katika makao ya wazee huko Roseville bila kupata hata lepe la usingizi. Ndugu yake alikuwa amesema aje awapikie wenzake wa uwanjani chai ya Kikenya, basi akaja.

Uwanjani, wanaume wazima walivaa fulana za ngozi na kofia za mababu. Zachariah alimimina baruti nyeusi mtutuni, akashindilia risasi ya duara kwa ufito, akapachika fataki ya kuiwasha, akafyatua. Moshi mzito ulitanda, na harufu ya mayai viza ikamwingia Mumbi hadi kooni. Mumewe aliuvuta moshi ule kama mtu aliyenusa pilau. Mumbi akatema mate pembeni. Utamu gani huu wa kuigiza mauti?

Hilo, hata hivyo, angeweza kulimeza. Kilichomtibua ni maneno. Walipoketi kuuzunguka moto, Mark alimwomba Zachariah awasimulie tena habari za kuni. Akasimulia, kwa Kiingereza cha madaha, jinsi alivyoamka alfajiri utotoni huko Nyambene, akapanda mlima miguu mitupu, akachanja kuni na kuzibeba mgongoni hadi nyumbani, na kwamba moshi wa baruti humrudishia utoto huo. Wazungu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema hivyo ndivyo mwanamume anavyofinyangwa.

Mumbi akamtazama wifi yake. Juu ya paji la uso, nywele zinapoanzia, palikuwa na bonde lililochimbwa na ukanda wa ngozi wa kubebea mizigo. Kwao, mvulana aliyebeba kuni mgongoni angechekwa na kijiji kizima. Kazi hiyo ilikuwa ya wasichana, na ndiyo iliyomtoa Brigitha shuleni akiwa darasa la sita, huku Zachariah akiamka kukuta chai imeiva. Brigitha mwenyewe ndiye aliyemweleza Mumbi hayo. Sasa alikoroga sufuria akitabasamu, kana kwamba mgongo uliosifiwa haukuwa wake.

Moto ukaanza kufifia. Zachariah, bastola tupu ikiwa pajani, alisema kwa Kiswahili bila hata kugeuza shingo, "Dada, hebu tuletee kuni kidogo pale kwenye gari la Mark."

Brigitha akaweka mwiko chini, akaanza kuinuka, mkono kiunoni.

"Keti, wifi," Mumbi akasema. "Baba Noela, mbebaji si wewe? Nenda basi."

"Mama Noela, tusiaibishane mbele za watu."

"Aibu umeisimulia mwenyewe, tena kwa Kiingereza. Mzigo ameubeba dada yako, sifa umebeba wewe."

Mark akauliza kulikoni. Mumbi akamweleza, bila kulainisha neno, ni nani aliyezibeba kuni zile. Hakuna aliyecheka. Zachariah akaenda, akarudi amekumbatia vipande vichache kifuani, maganda ya miti yakimwagika kwenye fulana yake ya ngozi.

"Bastola haiingii nyumbani," Mumbi akamwambia. "Ikiingia, itaingia na hadithi yake, na Noela ataiamini."

Mark akaipokea bastola, akaifungia sandukuni mwake.

Njiani, Mumbi akiendesha, Brigitha alifoka kutoka kiti cha nyuma. "Umemdhalilisha ndugu yangu mbele ya wageni. Nilikuomba unisemee?"

"Hukuniomba, wifi. Nimemsemea Noela."

Brigitha akamgeukia Zachariah. Alimwambia ashushe kioo, kwa kuwa ananuka baruti. Zachariah akakishusha.