Ruta Isiyoweza Kujiwasha

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda cha chai nje ya Kericho, na sikuwa na mtu. Wenzangu walikuwa na mashamba, wake na ng'ombe wa kukama. Saa kumi ikifika, kila mtu anashika njia ya kwake. Mimi nilitoka Nyeri, nikapewa chumba kimoja na stovu ya mafuta ya taa. Jumapili nilikaa kiti cha nyuma kanisani, nikarudi, nikafua soksi. Maisha gani hayo, jamani.

Mtu niliyeongea naye kwa kweli alikuwa sauti ya simu. Alikuwa mama mjane katika kiwanda kidogo upande wa Bomet, akisomesha watoto watatu kwa kazi moja tu: kukaa na ruta ya kule, kile kisanduku kinachopitisha habari kati ya kompyuta zao na zetu. Programu iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya zamani. Radi ikipiga, laini inakatika, na ruta haiwezi kuirudisha yenyewe. Lazima mtu azime na kuwasha huku, na mwingine azime na kuwasha kule, kwa wakati mmoja. Na kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri.

Basi nilikuwa nampigia, tunahesabu pamoja hadi tatu, tunawasha. Ruta ilichukua dakika kama nne kuamka, na hizo dakika nne zilikuwa zangu. Kwao mtu haanzi na kazi. Ni salamu ya Chamgei kwanza, halafu ng'ombe, halafu mahindi, halafu watu wa nyumbani. Nilipomwambia sina ng'ombe, akasema, “Basi wa kwenu, fundi. Hao wako aje?” Ikabidi nimwandikie mamangu barua kumuuliza habari za ng'ombe. Mamangu alidhani nimerukwa na akili.

Siku moja ofisi kuu ikatuma programu mpya, kijitabu cha mambo ya kuangalia kabla ya kubadilisha, na fomu ya kujaza kasoro za ile ya zamani. Nilijua kazi yangu na nilitaka wakubwa wajue kwamba najua. Nikaandika kasoro tisa. Ya kwanza kabisa: kila upande unalazimika kuwa na mtu wa kukaa na ruta. Niliipigia mstari kwa rula, mimi mjinga.

Kijitabu kilisema nihakikishe memori inatosha, niweke nakala ya mpangilio wa zamani, na pande zote mbili zibadilishwe siku moja. Nilimsomea yote kwa simu, nikijisikia mtu mkubwa.

“Hiyo mpya itajiwasha yenyewe?” akauliza.

“Itajiwasha, mama.”

“Na mimi nitakuwa nafanya nini?”

Nikacheka. “Utapumzika.”

Akaniuliza kama kwetu mvua imeanza.

Tulibadilisha Jumamosi na kila kitu kikakubali. Jumatatu radi ikapiga, taa za ruta zikazimika, zikarudi zenyewe kabla sijainuka kitini. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa nikiangalia simu hadi saa ya kufunga. Wiki mbili nilivumilia, halafu nikapiga bila sababu yoyote. Akashika simu askari wa getini. Akasema yule mama alipewa barua, ameenda nyumbani, na kile chumba sasa ni stoo ya magunia.

Niliomba ruhusa, nikamtafuta Jumatano iliyofuata, nikiulizia njia kutoka Bomet. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Aliniketisha, akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, kikombe kizima. Mtoto wake mkubwa alikuwa nje akichuma majani kwa jirani, na haikuwa likizo. Sikuuliza.

“Fundi,” akasema, “ulijua watanitoa?”

Ningeweza kumwambia habari ya ile fomu. Nilikuwa nimeenda kwa ajili hiyo hasa.

“Hapana, mama.”

“Nilijua hukujua,” akasema. “Niliwaambia hawa watoto, yule kijana wa Kericho hawezi kunifanyia hivyo.” Akaniongezea maziwa. Nilikunywa yote mbele yake, nikashukuru, na sikurudi kule tena.