Mwambie Baba'ko

Msusi alikuwa hodari wa vidole, lakini ulimi wake ndio uliojaza saluni. Kilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu na kioo kilichopasuka pembeni, na wateja waliosukwa wakamaliza walibaki wamekaa tu, wakisubiri maneno. Basi alipotokea yule mgeni, mhandisi wa mitambo ya maji aliyekuja kwa mkataba, akawa anapita kila jioni kumsalimu huku akiyatafuta maneno moja moja, wanawake wakampachika jina: Bwana Taratibu. Posa ilipokuja, mtaa mzima ulisema mjane yule ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Dada yake mkubwa peke yake ndiye ambaye hakushangilia. "Una mabinti wawili, mmoja miaka kumi na sita, mwingine kumi na minne. Hao si wa kufunga mgongoni ukaondoka nao. Nenda kaone kwanza, watoto niachie."

Hilo hakutaka hata kulisikia. Siku aliyomzika baba yao aliapa kwamba wanawe hawatalala chini ya paa asilolala yeye, na katika maisha yake hakuna jambo alilolishika kama hilo. Akauza viti, kioo akamwachia mwanafunzi wake, chumba akakirudisha kwa mwenye nyumba, wakamfuata ng'ambo wote watatu. Wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwahi kuposwa na mhandisi.

Huko kwao, Bwana Taratibu hakuwa taratibu tena. Alisema lugha yake kwa kasi, na yale maneno machache ya lugha ya mkewe aliyokuwa akiyachezea saluni aliyaacha mlangoni pamoja na viatu. Hakuwa mtu mbaya; tusimsingizie. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akataka kimya. Msusi alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kukunja mashuka na mwanamke mwingine. Walishika pembe, wakasogeleana, wakakutana, wakatabasamu, wakaachana, kutwa nzima bila neno. Alikuwa na upweke ambao hata kwenye matanga ya mumewe wa kwanza hakuupata.

Binti mkubwa aliidaka lugha upesi, akawa mdomo wa nyumba: kwa daktari yeye, shuleni yeye, na kati ya mama na mume wake pia yeye. Mdogo wake, waliyemwita Chiriku kwa sababu kule nyumbani hakuna aliyeweza kumnyamazisha, alizinyoa nywele zake zote baada ya wenzake darasani kuzoea kuzishikashika. Tangu hapo alijifungia chumbani, na alipotoka alibamiza mlango.

Sasa, Msusi alikuwa na mtindo wa nyumba za kwao. Mke akinuna hamsemeshi mume, humtuma mtoto. "Mwambie baba'ko chakula kiko mezani," na baba'ko mwenyewe amekaa papo hapo, masikio wazi. Naye hujibu kwa mtoto huyohuyo, hadi mmoja achoke acheke, au abembeleze, yaishe. Vitisho vyake vya kufunga virago marehemu alivijua vizuri. Alikuwa akimsaidia kutafuta kamba.

Jumamosi moja Bwana Taratibu alichukua bisibisi, akaling'oa komeo la chumba cha wasichana. Kama mlango haujui kufungwa kwa adabu, alisema, basi usifungwe. Msusi alikuwa kwenye sinki, mgongo ameugeuza, damu inamchemka.

"Mwambie baba'ko, kama wanangu wamemchosha aseme tu, warudi kwa mama yao mkubwa."

Binti akamtazama. "Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Usipunguze."

Akamwambia. Mwanamume akaweka bisibisi chini, akauliza swali moja, binti akaitikia kwa kichwa. Basi. Msusi akangoja kubembelezwa. Na kweli, siku zilizofuata mume alilainika: aliosha vyombo, alimletea chai kitandani. Msusi akajisifu moyoni kwamba dawa ni ileile, mgonjwa tu ndiye mwingine.

Jumapili ya wiki iliyofuata Bwana Taratibu akawaita wote mezani. Alisema kwa upole, muda mrefu, mkono wake juu ya mkono wa mkewe.

"Anasema amelifikiria ulilosema," binti akatafsiri, macho mezani. "Anasema una busara. Yeye aliogopa kulitamka, alijua litakuumiza. Ametukatia tiketi mimi na Chiriku, tunaondoka shule ikifungwa. Ameshaongea na mama mkubwa."

"Na mimi?"

"Wewe ni mke wake. Anasema sasa mtapumua."

Msusi akacheka, maana kwao hapo ndipo watu hucheka. Hakuna aliyemuunga mkono. Kicheko kikamkauka.

"Mwambie nilinuna tu. Mwambie sikumaanisha."

Binti hakumgeukia mwanamume. "Mimi nakujua ukinuna, mama. Hata siku ile nilijua."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nilitaka kurudi nyumbani. Chiriku anaisha humu ndani, hata humwoni." Sauti ikamkatika, akaivuta upya. "Nilidhani atatukatia sote."

Chiriku alikuwa amekiinamisha kile kichwa chake kitupu, machozi yanadondoka kwenye kitambaa cha meza. Msusi alitamani kumshika, lakini mkono wake ulikuwa bado umefunikwa na ule wa mume.

"Basi mwambie naondoka na wanangu. Leo hii. Mwambie."

"Tutafikia wapi, mama? Saluni ina mtu mwingine. Mama mkubwa ana vyumba viwili na watoto wake humo. Amesema atajibana tuenee wawili."

Mume akawatazama, mama na binti, kisha akauliza kitu, kifupi, kwa wema. Binti akamjibu bila kungoja kutumwa. Mwanamume akashusha pumzi, akaupigapiga mkono wa mkewe, akaondoka kwenda kuchemsha maji ya chai.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia umeshukuru."